Kidonda cha Koko

Kila siku Orlane alipotoka shule alikula chakula cha mchana na bibi yake, ambaye nyumbani kwao katika mtaa wa Ngagara wote walimwita Koko. Mama yake Orlane, Lisette, alirudi kutoka kazini jioni, kwa hiyo wawili hao walikaa barazani, sahani moja kati yao, Koko akisimulia habari za Uvira alikozaliwa.

Siku moja Koko alimega tonge la ugali, akalichovya kwenye mchuzi wa ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kisha akalirudisha.

"Kula, mwanangu. Mi nimeshiba."

"Lakini hujala kitu, Koko."

Orlane aliona jinsi Koko alivyofumba macho kwa maumivu alipomeza maji. Akambembeleza mpaka Koko akavua meno yake ya bandia ya juu, akafungua kinywa. Kaakaa lilikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Kwenye ufizi, karibu na shavu, palikuwa na kidonda kama punje ya haragwe.

"Kimeanza lini?"

"Sasa ni wiki ya nne. Usimwambie mama yako, ana mengi ya kufikiria. Niahidi."

Orlane akaahidi, na ahadi ile ikamlemea. Kwa siku mbili Koko alikunywa chai ya vuguvugu tu. Siku ya tatu aliinuka kuanua nguo, akapepesuka kwa njaa, akajishikilia ukutani. Jioni hiyo Orlane alimsubiri mama yake langoni.

"Mama, naenda kuvunja ahadi," alisema huku akilia, akaeleza yote.

Mama Lisette hakugomba. Aliketi kando ya Koko, akamshika mkono. "Kwa nini ulituficha, mama?"

"Dada yangu alianza hivi hivi," Koko akajibu polepole. "Ilikuwa kansa. Niliogopa kuambiwa."

Asubuhi walikwenda kwa daktari wa meno, Daktari Consolate. Alimulika kinywa cha Koko, akapangusa utando kwa kitambaa laini. Ukatoka, chini pakabaki pekundu.

"Meno haya unayavua unapolala?"

"Apana. Mutu akinikuta bila meno je?"

Daktari akatabasamu. "Utando huu ni fangasi, Koko. Wanapenda kinywa kisichopumzika. Kidonda nacho naona kimeletwa na ukingo huu wa meno unaokwaruza."

Aliusawazisha ukingo, akampa dawa ya matone. Akamwagiza avue meno kila anapolala, ayasugue kwa brashi, ayaloweke katika maji safi. "Rudi baada ya wiki mbili. Kidonda kisipopona, tutakata kipande kidogo tukipime." Koko aliubana mkono wa mjukuu wake, wala hakuuachia hadi walipofika nje.

Wiki mbili zilikuwa ndefu. Siku ya kurudi, daktari alitazama kila upande, akazima taa yake. "Kimefunga vizuri. Si kansa."

Koko alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Unisamehe, Koko," Orlane akanong'ona. "Nilikuahidi."

Daktari Consolate ndiye aliyejibu. "Siri inayomuumiza mtu haitunzwi, binti. Kidonda cha kinywani kikipita wiki mbili bila kupona, huonyeshwa daktari, kiwe kinauma au hakiumi. Mara nyingi ni kitu kidogo. Kikiwa kikubwa, heri kijulikane mapema."

"Mi ndiye wa kuomba msamaha," Koko akasema, akimvuta Orlane kifuani. "Nilimtwisha mtoto mzigo wa mtu mzima. Yeye alinipenda kuliko nilivyomwomba."