Mihogo ya Moto na Mkono wa Ningrum

Kila Jumatatu na Alhamisi, nyumba ya Bibi Juwariyah inanukia mihogo. Sulastri, mama yake Ningrum, anamenya. Bibi anapika kwa mvuke. Ningrum, mwenye miaka kumi na miwili, anafuta majani ya migomba na kuyatandika kwenye vikapu vya mianzi. Mihogo ikiiva, Bibi anaitandaza kwenye ungo, anaipepea, kisha anainyunyizia ragi, ile chachu nyeupe inayopondwa kuwa unga. Wakati huo hakuna kufungua mdomo. Ukiongea, tape inaharibika. Bibi alifundishwa hivyo na mama yake.

Baada ya siku tatu mihogo inakuwa laini na tamu, inachuruzika maji kama asali. Hiyo ndiyo tape. Mji mzima wa Bondowoso, kule Indonesia, wanaitengeneza, lakini sokoni watu walikuwa wanaulizia ya Bibi Juwariyah.

Wiki hiyo mambo yalienda vibaya. Vikapu vya Jumatatu viliharibika. Vya Alhamisi navyo vikaharibika. Mama alipofunua jani Jumapili asubuhi, mihogo ilikuwa na utelezi na madoa meusi. Harufu yake ilimfanya paka akimbie.

"Haijawahi kunitokea," Bibi alisema, huku akilikanda bega lake la kulia. Kisha akamgeukia Ningrum. "We mtoto, umeanza siku zako?"

Ningrum aliinamisha kichwa. Zilikuwa zimeanza Alhamisi. Alimwambia mama yake tu.

"Nilijua! Mwanamke aliye kwenye siku zake hashiki tape!"

"Lakini Mama," Mama Sulastri alisema, "ile ya Jumatatu mtoto alikuwa bado hajaanza."

"Zilikuwa zinakaribia!"

Mama akaanza kumwaga mihogo iliyooza. Kubishana na Bibi ni kazi ya siku nzima.

"Toka jikoni, mjukuu wangu," Bibi alisema kwa upole. "Sikugombezi. Lakini Jumapili ijayo ni harusi ya binti wa mkuu wa kijiji. Wanataka vikapu arobaini. Vikioza mbele ya wageni, uso huu nitauficha wapi?"

"Nitarudi lini, Bibi?"

"Tutaona. Labda mkono wako si wa tape."

Maneno hayo yalimchoma. Ningrum alianza kufunga majani akiwa na miaka sita. Aliitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ileile. Lakini sasa na yeye aliiogopa.

Kesho yake, Mwalimu Endah aliingia darasa la sita, darasa la Ningrum, na beseni la mihogo iliyopikwa.

"Leo sayansi hatukariri," alisema. "Leo tunatengeneza tape."

"Tunakula lini?" aliuliza Fauzan, mvulana wa dawati la mbele.

"We Fauzan, hata hatujaanza! Kwanza niambieni, kwa nini tape huharibika? Kila mtu aandike kwenye karatasi. Msiweke majina."

Ningrum alishika kalamu muda mrefu. Kisha akaandika haraka, akakunja karatasi mara nne.

Mwalimu alisoma moja moja na kuandika ubaoni. Ukiongea. Mpishi akiwa na hasira. Ragi ikinyunyizwa mihogo ikiwa ya moto. Halafu akafungua karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mwanamke aliye kwenye siku zake akishika."

Wavulana wakacheka. Ningrum alitamani dawati limmeze.

"Hiyo ni kweli, Mwalimu!" Fauzan alisema. "Hata mama yangu anasema."

"Huenda ni kweli, huenda si kweli. Mimi msiniamini. Tutajaribu. Sheria ni moja tu: kila bakuli tunabadilisha kitu kimoja. Vingine vyote viwe sawa. Mihogo hiihii, ragi hiihii, mikono imeoshwa kwa sabuni. Tukibadilisha vitu viwili, tutajuaje kipi kimeharibu?"

Bakuli la kwanza lilitengenezwa kimya, mihogo ikiwa imepoa kabisa. La pili alipewa Fauzan.

"Wewe ongea."

"Niongee na nani?"

"Na mihogo."

Fauzan alisimama mbele ya bakuli. "We mhogo mvivu! Chacha upesi, nina njaa! Shangazi yako ni kiazi!" Darasa likavunjika mbavu. La tatu lilitengenezwa na wavulana wawili walionuna, wamekunja nyuso kama wamekula ndimu. La nne lilinyunyiziwa ragi mihogo ikiwa bado inafuka moshi.

"Sasa wasichana," Mwalimu alisema. "Kila mmoja atafunga kipande chake kwenye jani, na mimi nitafunga changu. Weka alama unayoijua mwenyewe. Sitamuuliza mtu yeyote chochote."

"Sasa sisi tutajuaje nani yuko kwenye siku zake?" aliuliza Fauzan.

"Mmoja unamjua. Ni mimi."

Mwalimu Endah alivunja kipande cha mhogo, akakinyunyizia ragi, akakifunga vizuri kama mtu anayefunga zawadi.

Ningrum alikuwa hajasogea. Mwalimu alipita karibu yake. "Unaogopa kitaharibika?" alimnong'oneza.

Ningrum alitikisa kichwa kukubali.

"Kikiharibika, tutajua. Kisipoharibika, tutajua. Kinachokutesa ni kutojua."

Ningrum alinawa mikono mara mbili. Alinyunyiza, akafunga, na juu ya jani akapiga mafundo mawili ya uzi.

Alhamisi mchana walifungua. Bakuli la kimya: tamu. La Fauzan: tamu. "Limenisikia!" alipiga kelele. La waliokasirika: tamu. Fungu la Mwalimu: tamu. Wasichana walifungua mafungu yao mmoja mmoja. Ningrum alifungua la mwisho, macho ameyafumba nusu. Tone la maji matamu lilimdondokea kidoleni. Akalilamba.

Bakuli la nne lilitoa harufu mpaka darasa zima likaziba pua. Ningrum aliijua harufu hiyo. Ilikuwa harufu ya jikoni kwao Jumapili.

"Ragi ina viumbe hai," Mwalimu alieleza. "Ni vidogo sana, macho hayavioni. Hivyo ndivyo vinavyoifanya mihogo iwe tamu. Ukivitupa kwenye mihogo ya moto, unaviua. Mihogo inabaki bila mlinzi, vijidudu vingine vinaingia na kuiozesha. Na hedhi si uchafu. Ni mwili unakua. Mkono ulionawa kwa sabuni ni mkono safi, siku zote za mwezi."

Ningrum alikumbuka bega la Bibi. Kengele ilipolia, alikimbia mpaka nyumbani, na fungu la mafundo mawili mkononi.

Bibi alikuwa ameinama juu ya ungo. Mihogo ya harusi ilikuwa inafuka moshi. Alipepea mara nne, tano, akaweka kipepeo chini, akachukua ragi.

"Bibi, subiri!"

"Nyamaza! Na usiingie!"

"Onja hii kwanza. Tafadhali, Bibi."

Bibi alionja. Akatafuna polepole. Akaonja tena.

"Hii ni tape ya mtu anayejua. Nani katengeneza?"

"Mimi. Jumatatu, shuleni. Nilikuwa bado kwenye siku zangu."

Mama Sulastri aliacha kumenya. Ningrum hakuwahi kuongea maneno mengi mbele ya Bibi, lakini siku hiyo yalitoka. Akaeleza kuhusu mabakuli, na lile moja lililooza.

"Ni lile la mihogo ya moto, Bibi. Chachu inaungua."

Bibi aliweka mkono juu ya ungo, akautoa haraka. Alikaa kwenye kigoda.

"Bega hili," alisema taratibu. "Zamani nilikuwa napepea mpaka mhogo unakuwa baridi. Siku hizi nikipepea kidogo tu, linauma. Sikutaka kumwambia mtu." Akamtazama Ningrum. "Nikakusingizia wewe, mjukuu wangu. Nisamehe."

"Nipe kipepeo, Bibi."

Ningrum alinawa mikono kwa sabuni. Akapepea ungo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mara aligusisha kipande kwenye ngozi ya ndani ya mkono, juu kidogo ya kiganja. Akihisi joto, aliendelea kupepea. Mwishowe hakuhisi joto hata kidogo.

"Sasa," alisema.

Bibi hakunyunyiza. Alimkabidhi Ningrum kibakuli cha ragi.

Walipofika kwenye kikapu cha kumi, Bibi aliuliza kwa kunong'ona, "Na yule mvulana aliyepiga kelele, tape yake ilikuwaje?"

"Tamu, Bibi. Aliitukana kabisa."

Bibi aliacha mdomo wazi. "Miaka arobaini nimekaa kimya hapa jikoni! Miaka arobaini! Sulastri, umesikia? Nina mambo ya kusema mimi!"

Akaanza na habari za harusi yake mwenyewe, akaja kwa marehemu babu, akaja kwa mbuzi wa jirani, na vikapu arobaini vikajaa bado hajamaliza.

Jumapili vilifunguliwa mbele ya wageni. Vyote vilikuwa vitamu.