Mguu wa Fundi Cherehani

Mkwe wangu ni fundi cherehani. Siku sita za wiki anakaa kitini na kukanyaga pedali. Siku ya saba ni winga. Wenzake wanamwita Umeme. Mimi namwita Umeme wa Mgao. Anawaka dakika kumi, kisha anakatika.

Siku ya mechi alikuwa akishona mpaka dakika ya mwisho. Halafu anajipaka dawa ya kuchua mapajani. Nyumba nzima inanuka, hata paka anahamia nje.

"Umeme, hupashi mwili moto kwanza?" nilimuuliza Jumapili moja.

"Mama, miguu inawaka! Joto gani tena?"

Akaenda. Aliukimbilia mpira wa kwanza, hakuufikia. Alishika paja kwa nyuma, akaanguka. Ilikuwa mara ya pili mwaka huo, na mguu ni uleule wa kukanyagia pedali. Wenzake walimleta nyumbani wamembeba kama gunia.

Binti yangu hakupiga kelele. Hapo ndipo tulipoogopa.

"Baba Watoto," alisema, "mguu wenyewe ndio huo. Chagua. Mpira au cherehani."

 Umeme alinyoosha mkono kuchukua dawa yake ya kuchua.

"Weka chini!"

Alikuwa jirani yetu, Mama Pacha, amesimama mlangoni. Yeye hufanya kazi hospitalini. Anawafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo.

"Huo msuli umechanika kidogo," alisema. "Ukiuchua leo, utauchana zaidi."

Alifunga barafu kwenye kitambaa, akaiweka pajani dakika kumi na tano. Akafunga bandeji, akauinua mguu juu ya mto. "Kesho uje hospitali upimwe."

"Lakini nilijipaka dawa, dada. Iliniunguza kabisa!"

"Iliunguza ngozi. Msuli ulikuwa bado umelala. Siku nzima uko kitini, misuli inakaza. Halafu unaiamsha kwa mbio!"

"Hata mimi ukiniamsha hivyo nakuchapa," nikasema.

Umeme alicheka kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nitacheza tena?"

"Utacheza, ukinisikiliza."

Alipimwa, akapumzika. Maumivu yalipokwisha, Mama Pacha alitufundisha uani. Kabla ya mechi, dakika ishirini za kupasha mwili moto. Unakimbia polepole. Unarusha miguu mbele na nyuma. Unapiga hatua ndefu huku unakunja magoti. Mwisho, mbio fupifupi. Baada ya mechi, unanyoosha kila msuli taratibu na kuhesabu hadi thelathini.

"Usidundedunde," alisema. "Msuli ukivuta, sawa. Ukiuma, acha."

Kulikuwa na zoezi moja zaidi, la kuupa msuli nguvu. Mara mbili kwa wiki Umeme apige magoti kwenye mkeka, mtu amshike vifundo vya miguu. Kisha ainame mbele polepole, mwili umenyooka kuanzia magotini, na akishindwa kujizuia ajidake kwa mikono.

"Nani atanishika?" aliuliza.

Binti yangu alikuwa na mtoto mgongoni. Wote wakanitazama mimi.

"Mama mkwe?" Umeme alishtuka. "Ukiniachia je?"

"Nimekushika tangu ulipokuja kuposa. Umeshaponyoka?"

Miezi mitatu ikapita hivyo. Siku ya mechi alifunga cherehani mapema, akafika uwanjani kabla ya wote. Akaanza kurusha miguu.

"Umeme, umekuja kucheza mpira au ngoma?" wenzake walimtania.

Akaendelea na mbio zake fupifupi. Dakika ya themanini, waliomcheka walikuwa wameshika viuno. Yeye alikuwa bado anakimbia. Tulifungwa mbili bila, nami nilishangilia kama tumeshinda. Filimbi ya mwisho ilipolia, mkwe wangu alikaa kwenye majani, akanyoosha miguu na kuhesabu.

Jumatatu asubuhi nilisikia cherehani inalia, tatatata, bila kusita. Binti yangu alisimama na birika mkononi, anasikiliza tu. Kisha akamimina chai kwenye kikombe kikubwa, akampelekea Mama Pacha.

"Ahsante, dada," alimwambia. "Umenirudishia vyote viwili."

Paka naye anashukuru. Amerudi kulala ndani.