Funda la Maji Katika Kiriba cha Sekela

Sekela aliingia kibandani kiriba kikiwa bado mgongoni, nacho kilikuwa kazini. Kilimng'ang'ania kama mtoto wa kubebwa, kikifyonza jasho lake kabla halijafika kiunoni. Jasho lilipita kwenye ngozi hai, ngozi iliyooteshwa maabara, likaachia humo chumvi na uchungu wake wote, kisha likaingia mfukoni likiwa maji matamu. Mrija mwembamba ulipanda begani ukaishia karibu na mdomo.

Bila kiriba hakuna aliyeruhusiwa kuvuka lango la mji. Ziwa Rukwa lilikuwa limekauka zamani, na juu ya chumvi iliyobaki vilitandazwa vioo vya jua hadi upeo wa macho. Roboti zilivifagia vioo, chumvi ikala viungo vya roboti, na watu kama Sekela wakatumwa kwenda kuzipaka mafuta. Huko nje joto lilimkausha mtu kama dagaa.

"Wifi, nimekuletea mgonjwa," alisema Sekela, akageuka kuonyesha suruali iliyolowa. "Ananikojolea tangu jana."

Tulinagwe alicheka huku amejiziba mdomo. Alikuwa fundi wa viriba, kazi aliyofundishwa na marehemu baba yake, na alikuwa mtu wa maneno machache. Tangu aolewe na kaka yake Sekela aliishi kwa mama mkwe, na mbele ya mama huyo hata hayo machache yalimkauka kooni.

Alikitoa kiriba maji, akakipuliza kikatuna, akakipitisha polepole shavuni. Katika mji ambao maji yalipimwa kwa kikombe, hakuna fundi aliyezamisha kiriba kwenye beseni ili aone mapovu. Shavu ndilo lililotafuta tundu. Kwenye mshono wa chini alihisi upepo mwembamba, kama pumzi ya mtoto aliyelala.

"Hapa," alisema.

Alipakwaruza kwa msasa, akapafuta kwa spiriti, akapaka gundi na kubandika kiraka cha ngozi hai, kisha akakigandamiza kwa jiwe.

"Gundi hii haitaki maji mpaka kesho alfajiri. Ikiloa mapema hushika juujuu. Ukiitazama utaona imeshika, kumbe bado."

"Kesho alfajiri nitakipitia nikienda kazini. Na ukinicheleweshea, namwambia kaka yangu akurudishe kwenu!"

Jioni mama mkwe alipita kibandani akakiona kiriba kimelala bapa mezani.

"Hiki si cha Sekela?"

"Ndicho, mama."

"Na ndivyo utakavyomrudishia? Kitupu?"

Kwao, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Aliyeazima sufuria hulirudisha na viazi viwili ndani, na aliyeletewa ungo huurudisha na konzi ya maharage. Maji yalipokuwa adimu, desturi haikufa, ila ilihamia kwenye maji. Kila fundi wa mtaa ule alirudisha kiriba na funda la maji yake mwenyewe, na mteja alilinywa mbele yake kwa shukrani.

"Gundi bado, mama," alisema Tulinagwe kwa sauti ndogo.

"Funda tu! Tangu lini funda likapasua chombo? Au unataka waseme mkwe wangu hakufundwa?"

Katika nyumba ile mkwe hakurudia neno mara mbili. Tulinagwe alitia funda moja la maji yake, akakilaza kiriba mshono ukiwa juu ili maji yasiufikie. Alijiambia kwamba ameupata ujanja. Lakini ngozi hai haina juu wala chini. Ilitengenezwa ivute unyevu popote ulipo na kuusambaza, na usiku kucha ilifanya kazi yake.

Alfajiri Sekela alivuta mrija akapiga kelele ya furaha.

"Maji! Jamani, kaka yangu alioa mtu!"

Mama mkwe alisimama mlangoni, uso umemkunjuka. Tulinagwe alijaribu kukibandua kiraka kwa kucha, nacho hakikubanduka. Alitaka kusema, wifi, kiache mpaka kesho. Aliwatazama mama na binti wakicheka, akanyamaza.

Sekela hakurudi. Walimkuta kando ya roboti aliyokwisha kuipaka mafuta. Roboti ilikuwa inafagia.

Siku iliyofuata mazishi, Mhandisi Barasa wa lango alifika kibandani na kile kiriba mkononi. Kiraka kilikuwa kimeachia upande mmoja. Alimwonyesha Tulinagwe kioo chake cha mkononi, cha kusomea kumbukumbu za viriba, na humo mstari wa buluu uliopanda bila kukatika.

"Ubongo wa kiriba huhesabu maji yanayotoka," alieleza. "Haujui kama yametokea mdomoni au tunduni. Sisi langoni tuliona mtu anakunywa vizuri. Tukafurahi."

Tulinagwe alikigusa kiraka kwa kidole, pale kilipoachia.

"Dada, kama mkono wako uliteleza, niambie, nami nitaondoka. Ila kama ni kitu kingine, wako watu nje sasa hivi na viraka vya mafundi wenzako."

Pazia tu lilitenga kibanda na chumba cha mama mkwe. Tulinagwe alijua nani amekaa pale kwenye mkeka. Kusema mkono uliteleza kulikuwa rahisi. Yeye angepokonywa kazi, mama angebaki na msiba wake tu.

"Ni maji," alisema. "Tunatia maji kabla gundi haijakauka. Mafundi wote."

"Kwa nini?"

"Ni adabu."

Mhandisi alimtazama kama hakusikia. "Na haya ya kiriba hiki nani aliyatia?"

"Mimi."

Pazia likasogea. Mama mkwe alisimama akishika ukuta, kanga ya msiba imemdondoka begani.

"Mkono ni wake," alisema. "Mdomo ulikuwa wangu. Andika hivyo, baba."

Mhandisi hakuandika. Alizungumza na lango kwa haraka, na muda si mrefu ving'ora vililia juu ya chumvi, vikiwaita wote warudi ndani. Kwa mbali wakaanza kuonekana, vitone vyeusi vikikimbilia mji. Watatu hawa walisimama mlangoni wakiwahesabu.

Kisha mama mkwe akauliza, taratibu, kama anayeulizia habari za safari: "Mwanangu alikuwa na kiu?"

Mhandisi aliangalia kioo chake. Tulinagwe alikichukua kile kioo mkononi mwake, akamsogelea mama, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamtazama machoni.

"Hakuwa na kiu, mama. Ona mstari huu. Alikunywa mpaka mwisho."

Mama mkwe aliufuata mstari wa buluu kwa kidole, toka chini hadi juu, akarudia tena toka chini.