Goti la Mzee Teodori

Katika ukoo wa Mzee Teodori, kule Mutuka, hapakuwa na mtoto asiyeijua kanuni hii: mgeni hasemi kilichomleta akiwa amesimama. Mwenye nyumba amnyimaye mgeni kiti hutozwa kibuyu cha asali, na siku ya kulipa hutoa kigoda kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya shahidi.

Ndiyo maana Valeria aliinamisha uso siku ile Octavian, seremala wa Nakwa, alipofika kujitambulisha kuwa mchumba wake, akaachwa kizingitini huku baba mtu akiendelea kupukuchua mahindi.

“Sema kilichokuleta,” Mzee Teodori alisema.

“Mzee, bado sijaketi.”

“Seremala mzima unaomba kiti? Nenda kakichonge.”

Octavian akaaga kwa heshima, akaondoka na posa yake mdomoni.

Valeria alirudi kwenye cherehani yake mjini na moyo mzito. Mama yake alipofariki, baba ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamtafutia na hiyo cherehani. Kumwasi hakuweza. Kumsahau Octavian hakuweza pia.

Mwaka huohuo kamati ya soko ilimkabidhi Octavian kazi ya viti vya wapita njia, kando ya barabara iteremkayo ziwani, kwa sharti kwamba usikatwe mti hata mmoja. Wiki nzima hakushika msumeno. Alizunguka kando ya Ziwa Babati akitazama tu, na watu wakasema mapenzi yamemharibia akili. Kumbe alikuwa amepata walimu wawili. Wa kwanza ni kichuguu, ambacho mvua za miaka zilikipiga kisibomoke, na matundu yake yakipitisha hewa hata jua la saa saba. Wa pili ni kiboko, ambaye mgongo wake huinuka majini bila kutuamisha tone.

Akamwandikia Valeria: “Mchwa wamenishinda ufundi. Nimeamua kuwaiga.”

Jibu likaja: “Waige na uvumilivu wao pia.”

Basi akachukua udongo wa vichuguu vilivyohamwa, akauchanganya na mchanga na chokaa kidogo, akaushindilia mpaka ukawa kama jiwe. Kiti cha kwanza kilikuwa na mgongo wa kiboko na matundu ya kichuguu, na kila aliyepita alikisifu. Mama Rosalia, muuza mboga, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukikalia. Akashukuru, akapumua, akataka kuinuka, asiweze. Wakamvuta watu wawili.

“Octavian mwanangu,” alisema akijifuta udongo, “hiki ni kiti au mtego?”

Soko zima lilicheka. Kosa lilikuwa moja: Octavian alikuwa amechukua kimo cha kigoda cha jikoni kwa mama yake, inchi kumi na mbili, kimo cha mtu anayesonga ugali. Aliyechoka njiani hakumfikiria.

Ujumbe ukamfikia Valeria akiwa kazini: “Wewe hupima wazee. Mtu mwenye magoti mabovu aketi kimo gani?”

Mbele yake palikuwa na suruali ambayo baba yake, mgonjwa wa magoti, aliileta ipunguzwe. Valeria akaitazama kwa kitambo, akanyoosha futi yake kutoka mkunjo wa nyuma ya goti hadi alama ya kisigino.

“Inchi kumi na nane,” akaandika. “Weka na pa kushika pande zote mbili. Mzee huinuka kwa mikono kabla ya miguu.”

“Hicho ni kipimo cha nani?”

“Usiulize. Jenga.”

Octavian akajenga. Mikono ya viti akaitengeneza kwa matawi ya mgrevilea yaliyoangushwa na upepo.

Mwezi uliofuata Valeria alikuwa akimtoa baba yake hospitali. Walipofika penye viti, magoti ya mzee yakagoma, akaketi. Hewa ya ubaridi ilimpitia miguuni. Hatua chache mbele yao Octavian alikuwa akishindilia kiti kingine, udongo umemfika viwikoni, na kwa kuwa aliwapa mgongo hakuwaona.

Muda wa kuondoka ulipofika, Valeria alinyoosha mkono kama alivyozoea kwa miaka miwili. Mkono ukabaki hewani. Mzee Teodori alishika matawi yale mawili, akasimama mwenyewe. Akaketi tena. Akasimama tena.

“Aliyejenga hiki,” alisema polepole, “amelipima goti langu.”

Octavian akageuka, akashtuka. “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Ulilipima lini?”

“Sikulipima, mzee.”

“Ni mimi, baba,” Valeria alisema. “Nilipima suruali yako, nikampa.”

Mzee aliwatazama wote wawili, kisha akakitazama kiti.

“Nilikunyima kiti,” akamwambia Octavian, “nami nimeketi kwenye chako bila kukuomba. Jumamosi uje nyumbani. Uje na hamu ya asali.”

Valeria alielewa, akageukia ziwani ili machozi yake yasionekane.

Jumamosi Octavian alisimama pale pale kizingitini. Shahidi alikuwa Baba Mkubwa Konstantini, kaka wa Mzee Teodori. Valeria alipokimbilia kigoda, baba yake alimzuia.

“Acha, mwanangu. Faini hailipwi kwa mikono ya mwingine.”

Akakileta mwenyewe, magoti yakilia, akakipangusa vumbi kwa mkono wa koti lake la kanisani, akakiweka mbele ya mgeni. Akarudi ndani, akatoka na kibuyu. Konstantini akachovya kidole, akaonja, akachovya tena.

“Umeshaonja, kaka,” Mzee Teodori alisema.

“Nahakikisha.” Akalamba kidole cha pili. “Asali ni ya kweli. Faini imelipwa.”

Octavian akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akaketi. “Nashukuru, mzee.”

“Mwenye kushukuru ni mimi. Miaka miwili sikuinuka bila kushikwa mkono.” Mzee Teodori akamtazama binti yake, kisha akamrudia mgeni. “Haya. Sasa sema kilichokuleta.”