Poda Kabla ya Jina

— Mama, ngojea! Habayaita jina yangu bado!

Lakini Mama Gertrude alikuwa ameshafungua kopo. Poda nyeupe ikamwagika juu ya kichwa cha Philippe Kalenga, ikamshuka masikioni hadi kwenye koti la kuazima.

— Mukwe yangu, nyamaza! Minye siko na wasiwasi na weye!

Ilikuwa Julai 1974, Jumapili alasiri, katika uwanja wa shule ya jioni hapo mjini Likasi. Wafanyakazi wa kiwanda waliosoma baada ya kazi walikuwa wanangoja matokeo, na desturi inajulikana: anayefaulu anamwagiwa poda na watu wake. Mama Gertrude, ambaye binti yake Angèle alikuwa mchumba wa Philippe, hakuwa na subira.

Mkurugenzi akasoma majina kumi na tisa. Casimir, aliyeketi dawati moja na Philippe mwaka mzima, alikuwa wa tatu. Kisha karatasi ikakunjwa.

— Ni mwisho, citoyens. Bengine barudie mwaka.

Halafu mtu akapaza sauti kutoka nyuma:

— Angalieni mukate! Imepakwa unga, lakini haiyaiva!

Kicheko kikalipuka. Mama Gertrude akajifunika uso kwa kitenge. Angèle akalichukua kopo mkononi mwa mama yake, akalifunga. Nusu ya poda ilikuwa imebaki.

Njia nzima kwenda mtaani kwao Kikula, wasiojua walimpongeza.

— Félicitations, Papa!

— Hapana. Nilianguka, Philippe alimjibu kila mmoja.

Angèle alitembea kando yake.

— Philippe, darasa yote ilikuwa na karatasi ya maulizo kabla ya siku ya examen. Sivyo?

— Nani alikuambia?

— Casimir mwenyewe anaicheka. Alikupa, ukakataa.

— Ningepita na ile karatasi, ningekuwa najua nini?

— Basi enda uwaseme ku bureau!

Philippe alisimama, akatazama huku na huku kabla ya kujibu.

— Nitaje majina ya bantu ku bureau, wakati huu bantu banachukuliwa usiku? Muntu anaweza kupotea sababu ya kinywa yangu. Hapana. Minye nitarudia mwaka.

Meza ya ofisini kiwandani aliyoitamani Philippe akapewa Casimir. Philippe akapelekwa machimbo ya Kakontwe, kupasua mawe ya chokaa. Kila jioni alishuka kwenye lori, vumbi limemgeuza mweupe kuanzia nywele hadi kope, na vijana wa mtaa walimngoja.

— Félicitations! Umepita tena leo!

— Bado miezi kumi, aliwajibu.

Mwezi uliofuata:

— Bado tisa.

Kila Jumapili baada ya misa alikaa na Angèle mbele ya nyumba ya wazazi wa msichana, akifanya tena hesabu za mtihani ule juu ya karatasi za mifuko ya saruji. Angèle aliangalia, akauliza, mwisho naye akazijua.

— Utakaa na huyu muntu wa chokaa mpaka lini? mama yake alinung'unika.

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo ya mawe, Casimir akaja na wajomba wawili na suti mpya, kumposa Angèle. Papa Barthélemy, baba yake, dereva wa gari-moshi kwa miaka kumi na mitano, akawakaribisha viti.

— Baba, Angèle alisema, nitakubali, kama atajibu ulizo moja ya ile examen alipita.

Casimir akacheka.

— Uliza, chérie.

— Tanki ya litre mia sita. Robinet inaingiza litre makumi ine kila dakika, tundu inapoteza kumi. Itajaa kwa dakika ngapi?

— Makumi tatu! Casimir alijibu pale pale, akatabasamu kwa wajomba.

Papa Barthélemy, aliyejaza maji kwenye gari-moshi lake miaka hiyo yote, alitazama dari.

— Inabakia makumi tatu kila dakika... tanki ya mia sita... Mwanangu, ni makumi mbili.

— Hapana, Papa. Ku examen ilikuwa makumi tatu.

— Ku examen tanki ilikuwa ya mia tisa, Angèle alisema. Ya leo ni mia sita. Weye ulijifunza jibu, haukujifunza ulizo.

Mjomba mmoja akakohoa.

— Casimir, sasa ni ngapi?

— Makumi... tatu?

Papa Barthélemy akasimama, akafungua mlango.

— Bakubwa, mwende na amani. Hata gari-moshi yangu siwezi kumwachia, sembuse mutoto wangu.

Walipoondoka, Mama Gertrude akamgeukia binti yake.

— Na Philippe akianguka tena?

— Atarudia tena. Na minye nitamungojea tena.

Julai ikarudi. Safari hii matokeo yalisomwa Jumamosi, na Philippe alifika moja kwa moja kutoka Kakontwe, hajapata hata maji ya kunawa. Mama Gertrude alisimama nyuma kabisa, mikono mitupu.

— Wa kwanza, mkurugenzi alisoma, points makumi munane na mbili kwa mia: citoyen Kalenga!

Angèle akalitoa lile kopo la mwaka jana.

— Ngojea, Philippe alisema. Barudie kusoma.

Mkurugenzi akacheka, akarudia kwa nguvu:

— Kalenga! Wa kwanza!

Mama Gertrude akapasua umati kwa viwiko.

— Leta hiyo kopo! Ni minye nilianza, ni minye namaliza!

Akaimwaga yote, huku machozi yakimtoka. Vigelegele vikapaa. Nyuma, sauti ileile ya mwaka jana ikaita:

— Mukate imeiva!

Papa Barthélemy akamshika Philippe bega.

— Mukwe, harusi mwezi gani?

— Mwezi wa munane, Baba. Kama Angèle hayachoka kungoja.

— Nimechoka, Angèle alisema. Mwezi wa munane ni mbali.

Wakashika njia ya Kikula. Mzee mmoja aliyekaa mbele ya nyumba yake alimwona Philippe mweupe kama kila siku.

— Pole na kazi, mwanangu. Unatoka Kakontwe?

— Hapana, Papa, Angèle alijibu, amemshika mkono mbele ya watu wote. Hii ya leo ni poda.