Nukta Ilipojumlishwa na Yenyewe

Walikutana kwenye foleni ya fundi kompyuta, mchana kweupe, watu wamejaa hadi mlangoni. Binti, gauni la njano, alikuwa amekumbatia kompyuta yenye joto la pasi. Kaka wa shati la bluu akaigusa, akaruka.

"Dada, humu unapika nini?"

"Hesabu."

Kaka akacheka mpaka fundi akamkaripia. Hawakuondoka bila kupeana namba.

Penzi likakolea: asubuhi simu, jioni simu. Binti akamweleza kazi yake. Ni programu ya hesabu za mikunjo ya duaradufu, mistari iliyopinda ambayo nukta zake mbili zikijumlishwa huzaa ya tatu. Yeye ameiongezea kasi ya ajabu, anaituma mtandaoni kwa wenye programu ikaguliwe, akijiita Umeme.

"Lakini kuna mkaguzi anajiita Kobe, kila mara ananirudishia: 'Kagua tena.' Ana roho mbaya huyo!"

"Pole, laazizi," kaka akasema, akabadilisha mazungumzo.

Siku moja mgahawani, kaka alikwenda kunawa mikono, simu yake ikawaka mezani. "Kobe, kazi ya Umeme imeingia tena." Binti akaisoma mara mbili. Jamani, Kobe ndiye huyu huyu!

"Jioni unanibembeleza, mchana unanikataa?" binti alifoka, kaka aliporudi.

"Tulia, mpenzi. Umeondoa kipimo kimoja, cha kuangalia kama nukta mbili ni ile ile moja, ili uongeze kasi. Nukta ikijumlishwa na yenyewe, njia yako inagawanya kwa sifuri."

"Mwongo mkubwa!" Akachukua mkoba, huyo, akaondoka.

Nyumbani binti akaijaribu programu, apate cha kumuumbulia. Akajumlisha nukta na yenyewe. Programu ikaanguka puu! Mungu wangu, kosa la wazi hivi, na alikuwa anamtukana mtu!

Akarudisha kile kipimo. Kasi ikapungua kidogo tu, bado ikaishinda ya zamani. Akaituma. Ikakubaliwa, lakini na mkaguzi mwingine. Akapiga simu.

"Kobe yuko wapi?"

"Nimejiuzulu. Siwezi kukagua kazi ya mtu ninayempenda. Nilipaswa kukwambia mapema, niliogopa kukupoteza. Nisamehe."

Ukaguzi ule kaka aliupenda kufa.

"Jumapili vaa vizuri," binti akasema. "Baba na mama wanakungoja."

"Mimi? Wameambiwa nini?"

"Kwamba nina mchumba."

"Mchumba? Nani huyo?" kaka wa watu akapiga kelele, roho juu.

"Wewe, mjinga wewe."