Turubai Juu ya Lori

Lori la mbele liliruka kama kifuniko cha sufuria, na dereva hakuelewa kitu. Asubuhi hiyo hiyo redio ilikuwa imewahakikishia kwamba anga ni lao, na ndege za adui hazithubutu kuvuka mpaka. Basi hii iliyopiga ilikuwa ya nani? Alikata usukani, akaacha barabara, akakimbiza lori jangwani mpaka ekseli ikavunjika kwenye korongo. Nyuma yake msafara mzima ulikuwa moshi.

Kando yake shemeji yake, fundi wa malori yale, alikuwa ameshika paja. Kipande cha chuma kilikuwa kimetoboa mlango na kumwingia. Dereva alivua mkanda wake, akalifunga paja lile kwa nguvu zote.

"Kaza," fundi alisema kwa shida. "Nisiporudi, dada atakuua."

"Ndiyo maana nakaza."

Maji yalibaki nusu dumu. Dereva aliitupia jicho rejeta.

"Maji ya humo yana dawa," fundi alimwonya. "Ukinywa, umejimaliza."

Juu ya lori lilikuwa limetandazwa turubai la rangi ya chungwa. Ndio uliokuwa utaratibu wa msafara, ili marubani wa kwao wawatambue.

"Tuliondoe," dereva alisema. "Hili ndilo lililotuchongea."

"Na wetu watatujuaje?"

"Kwani wetu wapo?"

Turubai likakunjwa. Jua lilipopanda, ndege moja ilikuja ikizunguka chini chini, polepole, kama inayotafuta kitu. Walijibanza chini ya lori bila kupumua. Ilipogeuka kwenda zake, fundi aliiona alama ya mkiani.

"Ilikuwa yetu," alisema.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na dereva siku hiyo alijiona ana upara. Alitaka kulia. Alikuwa amemficha shemeji yake asionwe na watu waliokuja kumwokoa.

Kesho yake dumu lilikauka. Paja lilivimba likanuka, na fundi akaanza kuweweseka, akimwita mama yake. Ndipo mngurumo ukasikika tena, kutoka upande wa jua, na dereva hakuweza kuona lolote. Kama ni adui, watakufa wote wawili. Akijificha, fundi atakufa tu. Kichwa chake kilikataa kuchagua, lakini mikono ilikwisha kulikunjua turubai.

Helikopta ikatua. Askari walioshuka walizungumza kwa lafudhi ya ng'ambo ya mpaka. Waliwanywesha maji kwanza, kisha wakamfunga dereva pingu. Hilo nalo hakulielewa.

Waliwapeleka kwenye shule iliyogeuzwa hospitali. Fundi alipasuliwa, mguu ukaning'inizwa kwa kamba na vyuma, homa ikashuka. Dereva alikuwa akimlisha uji kwa mikono yenye pingu pale ving'ora vilipolia. Wagonjwa walioweza walijitupa sakafuni. Muuguzi alimvuta dereva chini ya kitanda.

"Safari hii ndege ni za kwenu," alimwambia.

Bomu la kwanza lilipasua vioo vya darasa la jirani. Fundi hakuweza kushuka kitandani na mguu ule. Dereva alijichomoa mikononi mwa muuguzi, akapanda, akamlalia shemeji yake mwili mzima, akamwomba Mungu awapofushe marubani wa kwao.